Kambamiti wa maji baridi na mboga za majani kwenye akwaponiki: tangi hili litalisha vitalu vingapi?

VyelezoViwili

Wakuu, salaam. Naomba mliukague mpango wangu wa akwaponiki (kufuga viumbe wa majini na kuotesha mboga kwa maji yale yale) kabla vifaranga hawajaagizwa.

Tangi la kambamiti ni la mstatili, mita 3 kwa mita 2, kina cha maji sentimita 70, yaani lita 4,200. Vitalu vya mboga ni viwili, kila kimoja mita 5 kwa mita 1.2 na kina cha sentimita 30. Mboga zinakaa juu ya vyelezo vya stairofomu, mizizi ikining'inia majini. Jumla ni mita 12 za mraba za mboga na lita kama 3,600 za maji. Maji yanatoka tangini kwa mteremko, yanapita vitaluni, yanaangukia tangi dogo la chini, na pampu inayarudisha. Kichujio cha pekee hakuna. Matumaini ni kwamba mizizi itachuja.

Mpango ni vifaranga 300 wa kambamiti, aina ya Macrobrachium rosenbergii, saladi kitalu kimoja na spinachi kingine.

Maji yanazungushwa siku ya 10 sasa bila kiumbe ndani, amonia inaongezwa kwa mkono ili bakteria wa kusafisha maji waanze kuota. Vipimo vya leo: pH 7.6, amonia 3 mg/l, nitriti 5 mg/l, nitrati kidogo sana, ugumu wa maji 90, alkalini (akiba inayozuia pH isiporomoke) 80, zote mbili kwa mg/l, joto nyuzi 24 alfajiri na 27 mchana.

Maswali:
1. Vifaranga 300 ni sawa kwa tangi hili?
2. Naona watu wengi wakilalamika mboga zao ni za njano ingawa kambamiti wako hai. Kwa nini?
3. Naweza kuchanganya na perege humo humo?

---

GandoBuluu

Swali lako la pili ndilo lenye jibu la mengine yote, kwa hiyo naanza nalo.

Mboga za akwaponiki hazilishwi na tangi wala idadi ya viumbe. Zinalishwa na gramu za chakula unachomwaga kila siku, maana hicho ndicho kinachogeuka kinyesi, kisha mbolea. Kipimo kinachotumika kwa mboga za majani kwenye vyelezo ni gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita 1 ya mraba. Wewe una mita 12, kwa hiyo vitalu vyako vinadai gramu 480 hadi 600 kila siku.

Sasa geukia kambamiti. Hawa hawatumii ujazo wa tangi kama samaki, wanatumia sakafu. Tangi lako ni la lita 4,200 lakini kwao ni chumba cha mita 6 za mraba. Ukiwawekea maficho mengi, kuwakuza hadi saizi ya kuvuna unaweza kwenda 15 hadi 20 kwa mita ya mraba. Hao ni kama 100. Wakifika wastani wa gramu 20 kila mmoja una kilo 2 za kambamiti, na wakila asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, chakula chote ni gramu 60. Gramu 60 zinalisha mita 1 na kitu ya mboga. Una mita 12.

Na hapo ni wakiwa wakubwa. Siku unapowaingiza, vifaranga 100 wa nusu gramu wana uzito wa gramu 50 wote pamoja. Hata wakila asilimia 10, ni gramu 5 kwa siku. Kwa miezi miwili ya mwanzo vitalu vyako vitakuwa vinakunywa maji matupu. Ndiyo sababu ya majani ya njano unayoyaona kwa wenzako: maji masafi, kambamiti wazima, mboga zina njaa.

Kuwarundika 300 hakuokoi hesabu. Ni 50 kwa mita ya mraba, kiwango cha kulelea wadogo kwa wiki chache. Ukiwaacha humo wakue, watapunguzana wenyewe. Kambamiti hukua kwa kujivua gamba. Mdogo hujivua kila baada ya siku chache, mkubwa kila wiki 3 hadi 6, na kila anapojivua anabaki laini kwa saa kadhaa, hana gando la kujitetea. Wenzake wanamla. Msongamano ukiongezeka, mla na mliwa wanakutana mara nyingi zaidi. Nunua 120 wa nusu gramu kama wanapatikana badala ya wale wa miligramu chache, na ukivuna 70 au 80 umefanya vizuri.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza: punguza mboga hadi mita 1.5, ukubali kwamba huu ni mradi wa kambamiti wenye bustani ndogo. Ya pili: ongeza perege walishe mboga, kambamiti wawe nyongeza. Ya pili ndiyo inayolingana na vitalu ambavyo umeshavijenga.

Hesabu ya perege: mita 12 kwa gramu 40 ni gramu 480. Toa 60 za kambamiti, zinabaki 420. Perege wa gramu 150 hadi 200 wakila asilimia 2.5 ya uzito wao, unahitaji kilo 17 za samaki hivi, yaani samaki 85 hadi 110. Tangi la lita 1,000 linawatosha bila kwenda zaidi ya kilo 20 kwa kila lita 1,000. Waweke wa rika mbili au tatu ili siku ya kuvuna chakula kisishuke ghafla kikaacha mboga hewani.

Humo humo kwenye tangi la kambamiti? Hapana. Perege huweza kumeza vifaranga, na kwa wakubwa hungoja siku ya kujivua gamba. Wapo wanaowaweka perege kwenye kizimba cha neti ndani ya tangi la kambamiti. Kinawezekana, ila kinyesi chote cha samaki kinaangukia sakafu ambayo ndiyo nyumba ya kambamiti, na usiku wote wanagombania oksijeni ile ile. Tangi la pekee ni rahisi kuliko usumbufu huo.

---

Bomba50

Naunga mkono. Nazungumzia mabomba tu.

Ukishaongeza perege, lile wazo la mizizi kuchuja lisahau. Kinyesi kitaganda kwenye mizizi, mizizi itakosa hewa, itakuwa kahawia na utelezi. Mpangilio uwe hivi: tangi la perege na tangi la kambamiti yote mawili yamwage kwenye tangi la kutulizia uchafu, kutoka hapo pipa la bakteria, kisha vitalu, kisha tangi la chini, kisha pampu igawe mara mbili, bomba moja kwa perege na lingine kwa kambamiti. Usiyapitishe maji ya perege kwa kambamiti kwanza. Kila tangi lipokee maji yaliyokwisha kusafishwa.

Mtiririko: lita 1,000 kwa saa kwa perege, lita 2,000 kwa kambamiti. Jumla 3,000. Nunua pampu kwa kusoma inatoa kiasi gani kwenye urefu wako halisi wa kupandisha maji. Ile namba kubwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha kitu. Weka vali kwenye kila tawi, la sivyo tangi lililo karibu na pampu litanyonya yote.

Tangi la kutulizia liwe la mduara, chini limechongoka, lita 500. Kwa mtiririko huo maji yanakaa dakika 10, uchafu unashuka. Maji yaingie kwa ubavu ili yazunguke taratibu, yatokee juu katikati, na chini kuwe na vali ya kutolea tope kila siku. Pipa la bakteria lijaze vipande vya plastiki vyenye uso mwingi au kokoto za volkano. Kokoto zozote zidondoshee siki kwanza. Zikitoa povu zina chokaa na zitapandisha pH bila ruhusa yako.

Tangi la kambamiti litoe maji kutoka sakafuni. Bomba la kusimama la milimita 50 linaloamua kina cha maji, na nje yake livishwe bomba pana la milimita 110 lililotobolewa chini tu. Matundu yavalishwe neti ya milimita 1 mwanzoni, ubadilishe ya milimita 5 wakishakua. Neti ndogo huziba, hivyo kila asubuhi ipigwe brashi. Ikizibwa usiku, maji yanafurika na kambamiti wanaondoka nayo.

Wanaondoka hata bila mafuriko. Kambamiti hupanda ukuta wenye unyevu na huufuata mkondo wa maji yanayoingia. Bomba la kuingizia lisiguse ukuta na liishie sentimita 10 juu ya maji, na tangi lote lifunikwe neti ya kivuli. Neti hiyo pia inazuia jua, mwani haustawi. Mwani ukistawi unapandisha pH mchana, na pH ikipanda amonia inageuka sumu zaidi: kwa nyuzi 28, kwenye pH 7.0 sehemu ya sumu ni kama asilimia 0.7 ya amonia yote, kwenye 7.6 ni karibu 3, kwenye 8.5 ni 18.

Halafu usiweke kiungo chochote cha shaba, si nyekundu wala ya njano, wala bati la zinki mahali maji yanapogusa. Koki, vali, mkono wa pampu, hata skrubu. Samaki anaweza kuvumilia kiasi fulani, kambamiti havumilii. Plastiki au chuma cha pua tu.

---

VyelezoViwili

Asanteni sana. Nimeikubali njia ya pili: perege tangi lao la lita 1,000, kambamiti 120. Maswali yaliyobaki: maficho yaweje hasa? Na hii nitriti 5, ni ya kuogopa? Halafu nimesoma kwamba kambamiti wanaweza kukaa chini ya vyelezo kwenye vitalu vyenyewe, sakafu ya mita 12 za bure. Ni kweli?

---

GandoBuluu

Nitriti 5 siku ya 10 ni ya kawaida. Kundi la kwanza la bakteria limeamka na linageuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili, linalogeuza nitriti kuwa nitrati, huchelewa. Acha kuongeza amonia mpaka nitriti ianze kushuka yenyewe. Ikishashuka, fanya jaribio: weka amonia ifike 2 mg/l, pima baada ya saa 24. Amonia na nitriti zote zikiwa chini ya 0.5, mfumo uko tayari. Kwa joto lako hesabu wiki 4 hadi 6 tangu uanze. Ingiza perege kwanza, kambamiti wiki mbili au tatu baadaye.

Joto lako lina kasoro. Jina lisikudanganye: kambamiti wa maji baridi hapendi maji ya baridi. Nyuzi 28 hadi 30 ndipo anapokula na kukua. Kwenye 24 anapunguza kula, na chini ya 20 unamtesa. Funika, ziba upepo, tia sponji nje ya kuta za tangi, na kama bado ni 24 alfajiri weka hita. Juu ya 33 nako ni hatari kwa sababu maji ya moto hayashiki oksijeni.

Maficho: lengo ni kuongeza sakafu kwenda juu. Tandaza vipande vya neti ngumu ya plastiki kwa ulalo, ghorofa kwa ghorofa, nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya moja na nyingine, uzifunge kwa kamba (ya kufungia, si ya kuliwa) kwenye fremu ya PVC. Ghorofa mbili zenye eneo la mita 3 za mraba kila moja zinakupa sakafu nyingine nzima. Kwa kambamiti wakubwa ongeza vipande vya bomba la milimita 50 hadi 75, urefu wa sentimita 15 hadi 20, vikiwa wazi pande zote mbili, angalau kimoja kwa kila kambamiti wawili. Kipande kilichozibwa upande mmoja ni mtego: aliyejivua gamba anaingia na hana mlango wa nyuma. Fremu iwe ya kunyanyuka nzima, la sivyo siku ya kuvuna utaumia mgongo.

Gamba lililovuliwa liache. Watalila wenyewe, ni kalisi yao.

Chakula: kidonge kinachozama, protini asilimia 32 hadi 38. Kinachoelea hawakifikii. Gawa mara mbili, theluthi moja asubuhi na theluthi mbili jioni baada ya giza, maana huyu ni mnyama wa usiku. Weka sehemu kwenye sinia la neti na ulikague baada ya saa 2. Likiwa na mabaki punguza, likiwa tupu kwa siku tatu mfululizo ongeza asilimia 10. Wadogo asilimia 7 hadi 10 ya uzito wao, wa gramu 5 hadi 10 asilimia 5, wakubwa 2 hadi 3.

Kuhusu kuwaweka chini ya vyelezo: mimi nakataa. Mizizi wanaitafuna.

---

MiziziMirefu

Hapo tunatofautiana kidogo, GandoBuluu. Wanaitafuna wakiwa na njaa au wasipokuwa na kizuizi. Ukiweka neti ya milimita 5 sentimita 15 chini ya chelezo, mizizi inabaki juu, kambamiti wanabaki chini, kuna giza wanalolipenda, na wanakula utando unaoota sakafuni. Tatizo halisi la kitalu chake ni kina. Sentimita 30 ukitoa 15 za mizizi inabaki 15 za kambamiti, na ukitaka kuwaona au kuwavua lazima unyanyue mboga. Kitalu cha sentimita 45 ningesema jaribu. Hiki ningeacha, au niweke kambamiti 30 tu kitalu cha mwisho wafagie mabaki.

Sasa mboga, maana naona hakuna aliyezigusa na kuna kosa kubwa. Saladi na maji ya nyuzi 28 haviendi pamoja. Saladi hupenda mizizi iwe kwenye nyuzi 20 hadi 24. Kwenye 28 inarefuka, inatoa maua, inakuwa chungu, na kimelea kinachofanana na kuvu, Pythium, kinashambulia mizizi. Ukipoza maji kwa ajili ya saladi umemnyima kambamiti. Basi badili mboga. Mchicha unaipenda hali hiyo, ukatwe unachipua tena. Mrehani pia. Mchicha wa maji, yaani Ipomoea aquatica, unastawi kupita kiasi, uudhibiti. Spinachi na chainizi zinakwenda kama kuna neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50 juu yake.

Miche ioteshwe pembeni kwa siku 15 hadi 20, ihamishwe ikiwa na majani manne ya kweli na mizizi imetokeza chini ya kikombe. Spinachi na chainizi 16 hadi 20 kwa mita ya mraba, mrehani kama hivyo, mchicha wa kukata unaweza kubana zaidi. Panda kwa awamu, robo ya eneo kila wiki. Ukipanda yote siku moja utavuna yote siku moja, halafu nitrati inapanda kwa wiki mbili bila wa kuinyonya.

Jiwe la hewa kila mita 1 hadi 1.5 ya kitalu. Oksijeni ikae juu ya 5 mg/l kila mahali, na kipimo kichukuliwe kwenye mdomo wa kutokea, maana ndipo panapokuwa pabaya zaidi.

Kuhusu njano, kuna zaidi ya moja. Majani machanga ya juu yakiwa njano na mishipa ya kijani, ni chuma. Chakula cha samaki hakina chuma cha kutosha mimea, lazima uongeze. Chukua chuma cha DTPA, kwa sababu cha EDTA kinaachia pH ikipita 6.5 (DTPA na EDTA ni vibebeo vinavyokiweka chuma kikiwa kimeyeyuka majini). Mfumo wako sasa ni lita 8,800 ukijumlisha perege. Kiwango ni 2 mg/l kila wiki 3, yaani gramu 17.6 za chuma halisi. Kama pakiti imeandikwa asilimia 11, pima gramu 160, yeyusha kwenye ndoo, mimina tangi la chini taratibu. Majani ya chini yakikauka kingo, ni potasiamu. Yakiwa njano yote kuanzia chini, ni nitrojeni, na hapo rudi kwenye hesabu ya chakula ya GandoBuluu.

pH: mimea ingependa 6, bakteria 7.5, kambamiti 7 hadi 8. Shikilia 7.0 hadi 7.3. Sasa una 7.6, usiishushe, itashuka yenyewe. Gramu 480 za chakula chenye protini asilimia 32 hutoa gramu 14 hivi za nitrojeni ya amonia kwa siku, na bakteria wakiigeuza yote wanakula alkalini sawa na gramu 100 za kalisi kaboneti. Kwenye lita 8,800 ni 11 au 12 mg/l kila siku. Una 80. Ukipuuza kinachorudishwa na mimea, ni wiki moja tu akiba imekwisha, na pH inaporomoka. Fidia ya gramu 100 ni potasiamu baikaboneti gramu 100 pamoja na chokaa iliyozimwa gramu 37, kwa zamu: leo hii, kesho ile (kila moja maradufu ya kiasi hicho, maana inafidia siku mbili), kwa kiasi ambacho hakipandishi pH zaidi ya 0.2 kwa siku. Ile ya kwanza inalisha mboga potasiamu, ya pili inampa kambamiti kalisi ya gamba. Chokaa iyeyushwe ndoo nzima ya maji, imiminwe tangi la chini, kamwe si moja kwa moja kwa kambamiti. Magadi ya kuokea usitumie kila siku, sodiamu itajikusanya na mboga haziihitaji.

---

Bomba50

MiziziMirefu ongeza dawa za wadudu, hapo ndipo watu wanapoua tangi zima kwa usiku mmoja.

---

MiziziMirefu

Kweli, nilisahau.

Kambamiti ni ndugu wa mdudu kwa maumbile. Dawa nyingi zinazoua mdudu zinamuua na yeye, tena kwa kiasi kidogo kuliko kinachomdhuru samaki. Pareto na jamii yake yote, hata ile inayouzwa kama ya asili, isikanyage banda hilo. Abamektini vivyo hivyo. Mwarobaini nao watu huuona ni salama kwa sababu ni mti, lakini moja ya njia zake za kuua ni kuvuruga homoni ya kujivua gamba, na kambamiti wako anajivua gamba. Mrututu na dawa zozote za kopa (yaani shaba) dhidi ya kuvu, hapana. Soma pia mbolea za kunyunyizia majani, nyingi zina kopa ndani ya mchanganyiko wa madini madogo.

Kinachobaki: viwavi vinaondolewa kwa Bacillus thuringiensis (dawa ya bakteria wanaoua viwavi), haiwagusi kambamiti. Vidukari, nyanyua chelezo, kipeleke pembeni, vioshe kwa maji ya nguvu, kirudishe kikishachuruza. Neti ya wadudu kwenye madirisha ya banda inafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote. Na mnyunyizio uliotumika kwa jirani wiki hiyo unaweza kuingia kwa upepo, funga upande huo.

---

VyelezoViwili

Nimeelewa. Swali la mwisho, kupokea na kuvuna. Vifaranga wakifika nifanyeje, na baada ya miezi mingapi naanza kuvua?

---

GandoBuluu

Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama vifaranga wameshazoeshwa maji yasiyo na chumvi kabisa, na chumvi yao ni ngapi siku ya kufungashwa. Lava (watoto waliototolewa karibuni) wa aina hii huhitaji maji ya chumvi kiasi, sehemu 12 hadi 15 kwa elfu, ndiyo maana tangini kwako hawatazaana hata ukiona majike wamebeba mayai. Wakiletwa wakiwa bado kwenye chumvi ukawatupa maji matamu, utaokota maiti asubuhi.

Mifuko ielee tangini dakika 20 hadi 30 joto lilingane. Kisha ifungue, ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika 5 kwa saa moja hivi. Tofauti ya pH ikizidi 0.5 fanya saa mbili. Waachie jioni, taa zimezimwa, maficho yameshawekwa. Usiwamwage na maji ya mfuko, wachote kwa wavu laini. Maji yako kama ni ya bomba yenye klorini, yapigwe hewa siku mbili kabla. Kama mamlaka yenu hutumia kloramini, hewa haitoshi, tumia sodiamu thiosulfati.

Miezi ya kukua ni 4 hadi 6 kutoka nusu gramu, joto likiwa sawa. Ila usingoje siku moja ya kuvua wote. Madume hawakui sawa: wachache wanatangulia, wanaota magando marefu ya buluu, wanashika eneo na kuwadumaza wengine. Chini yao kuna wenye magando ya rangi ya chungwa, hawa ndio wanaokua haraka, na chini kabisa wadogo waliodumaa. Kuanzia mwezi wa 4, kila wiki mbili toa wenye magando ya buluu. Waliobaki watapanda ngazi. Wenye gamba laini siku hiyo waache.

Ukiwaona usiku wamepanda kuta na kujazana kwenye uso wa maji penye maji yanayoingia, si furaha hiyo, oksijeni imekwisha. Anzia kwenye pampu ya hewa, kisha kichujio kilichoziba. Pampu ya hewa iwe na betri ya akiba. Ya maji inaweza kusimama kidogo, ya hewa haiwezi.

Siku ya kuvuna wanyime chakula saa 24. Andaa ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji kabla hujaingiza wavu, kambamiti waingie humo wakiwa hai, pale pale kando ya tangi. Ukiwaacha wafe taratibu kwenye beseni kavu, vimeng'enya vya kichwani vinaanza kuyeyusha nyama ya mkia, na ukipika unapata uji. Kama hupiki siku hiyo, vunja vichwa wakishapoa, osha mikia, rudisha kwenye barafu.